Lwiro: Siku 21 zilizogeuka 35

KABARE – Saa moja kamili ya asubuhi, mbele ya lango la kituo cha wanyama yatima huko Lwiro, mama wanaoleta ndizi, mihogo na lengalenga wanatua mizigo yao chini na kungojea kipimo. Mwanaume mmoja anapita kati yao akisalimia. Anavua viatu vya barabara, anavaa buti za mpira, anakanyaga ndani ya beseni yenye maji ya klore, ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, anafunga maski, halafu anangojea mwenzake ampime homa. Mashine ikionyesha homa, haingii. Anarudi nyumbani sawa vile mtoto wa shule aliyefukuzwa kwa sababu ya minerval.

Wakaaji wanamwita munganga wa nyani. Yeye mwenyewe hapendi jina hilo, kwa kuwa munganga ni daktari aliyefanya masomo makubwa, na yeye ni fundi tu, veterineri wa A2, yule anayeshika mnyama wakati daktari anapasua, anayehesabu dawa na kuosha sindano. Jina lake halitajwi hapa. Mambo ya nyumbani kwake yanaelezwa humu, na siku hizi watu wa Kabare hawapendi majina yao yatembee.

Wengi wanasema Lwiro ni zoo. Wanyama wa pale hawakununuliwa kusudi watu wawaangalie. Kituo kilianzishwa mwaka 2002, kando ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, kwa ushirikiano wa ICCN na kituo cha utafiti CRSN, na ndani yake kuna sokwe mtu zaidi ya 100, wale wazee wanawaita sokomutu, pamoja na nyani wa aina nyingi. Karibu wote walinyang'anywa mikononi mwa wawindaji, wafanyabiashara au watu waliowafunga kamba nyuma ya nyumba. Ili kukamata sokwe mmoja mdogo akiwa hai, mwindaji anamuua mama yake, na mara nyingi na wengine waliokuja kumtetea. Nyama inauzwa, mtoto anauzwa. Sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inakataza, lakini sheria haina miguu ya kuingia kila pori.

Hata hivyo, kazi ya fundi ndani ya kituo haina tofauti na ile ya zoo yoyote duniani, na sehemu yake kubwa ni kinyesi. Kila asubuhi anazunguka akiangalia mavi: ni magumu ao ni maji, kuna damu ao minyoo, ni ya nani. Sokwe anaficha ugonjwa. Katika pori, mgonjwa anayeonekana anapoteza nafasi yake katika kundi, kwa hiyo anajikaza mpaka siku anaanguka. Fundi mzuri anajua mgonjwa mbele ya ile siku: ni yule aliyekuja wa mwisho kwenye uji, yule aliyeachia mdogo ndizi yake bila kugombana, yule aliyekaa akiangalia ukuta.

Kisha kuna siku za usingizi. Hizo ndizo siku ngumu. Sokwe mkubwa ana nguvu kuliko mwanaume yeyote, na hakuna anayeingia kwake mikono mitupu. Dawa inarushwa kwa mrija mrefu wa kupuliza, sindano imefungwa kwenye ncha. Wale wa zamani wanautambua mrija huo hata ukifichwa nyuma ya mgongo. Wanapiga kelele, wanarusha mawe, wanarusha na kitu kingine ambacho mama anayefua nguo za fundi anakijua vizuri. Mnyama akilala, saa inaanza kukimbia. Mmoja anahesabu pumzi, mmoja anashika mapigo ya moyo, mmoja anatoa damu, mmoja anaangalia meno. Dawa ya usingizi yenyewe, ketamini, ni ileile inayotumiwa katika hospitali zetu kwa watu wenye risasi mwilini. Kipimo cha kifua kikuu kinadungwa kwenye kope la juu la jicho, kwa sababu kope linaonekana kwa mbali. Fundi anapita baada ya saa 24, 48 na 72, anatazama usoni mwa mnyama: kope limevimba ao halikuvimba. Hakuna haja ya kumlaza tena.

Na majike wanawekewa kijiti chini ya ngozi ya mkono, kile kile ambacho mama wengi wa Katana na Kavumu wanakijua kutoka vituo vya afya. Kituo hakizalishi wanyama. Kinapokea yatima, na nafasi ni ndogo. Mama wa ndizi walipoelezwa jambo hilo walicheka sana, na mmoja akauliza kama sokwe nao wanalalamika kuumwa kichwa.

Yeye mwenyewe hakuanza na nyani. Alipata diploma ya mifugo, akachanja ngombe na mbuzi katika milima ya Kalehe, akitembea na chupa za chanjo ndani ya termosi. Ngombe zikaibwa, na nyingine zikachinjwa na watu wenye bunduki. Mwenye ngombe asiye na ngombe hamwiti tena veterineri. Ndivyo alivyofika Lwiro, na kuoa huko, na kujenga nyumba ya mbao yenye vyumba viwili.

Katika wiki ya tatu ya Januari 2025, Minova ilipoanguka, dada yake mkubwa alikimbia na watoto wake watano. Walipita Nyabibwe, Kalehe, Katana, kwa miguu, wakilala kwenye makanisa na vibaraza. Bwana wake alibaki nyuma kuangalia shamba. Wiki nne nyuma vita ikawafuata: tarehe 14 Februari uwanja wa ndege wa Kavumu ukachukuliwa na M23, na siku mbili baadaye Bukavu. Familia ambazo zilikuwa zimekimbilia Kabare hazikujua tena zikimbilie wapi. Dada huyu alisema amechoka miguu, atabaki. Nyumba ya vyumba viwili ikawa na watu 11.

Wale wanaoishi sasa na wageni wa vita wanajua hesabu hiyo bila kufundishwa. Bugali unapungua, shuka inakuwa ya watoto watatu, choo kinajaa. Benki za Bukavu zilifungwa. Pesa za mshahara zilipitia kwenye simu, na kila mkono uliozibadilisha ulikata kipande chake.

Siku moja dada alipeleka ndizi langoni pamoja na wale mama wengine, akaona makopo ya maziwa ya watoto yakiingizwa ndani. Yalikuwa ya sokwe wadogo, wale ambao bado wananyonya. Hakusema kitu pale. Usiku, moto ukiwa umezimika, alisema: "Mudogo wangu, ile maziwa munapatia nyani, batoto bangu banaiangalia na macho tu."

Swali hilo linaulizwa Lwiro kila siku, na si swali la wajinga. Fundi amesikia majibu mengi kutoka kwa wageni na kutoka kwa wakubwa: ya kwamba pesa zile zinatoka kwa watu wa mbali wanaozitoa kwa ajili ya wanyama na si kwa kitu kingine, ya kwamba kituo kinanunua mazao ya wakaaji, ya kwamba vijana na mama wa kijiji wanapata kazi mle. Yote ni kweli. Lakini kwa dada yake hakuyasema. Aliona ya kwamba mtoto wa mwisho, mwenye miaka miwili, miguu imevimba na nywele zimeanza kuwa nyekundu. Asubuhi alimpeleka katika hospitali ya watoto ya Lwiro, ileile ambayo tangu miaka mingi inajulikana kwa kutunza bwaki. Iko karibu na kituo cha wanyama, katika majengo na bustani za mlima uleule ambapo Wabelgiji waliweka taasisi yao ya utafiti, IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947. Mtoto alipokelewa. Mwenye kusoma habari hii, kama ana mtoto wa namna hiyo katika kambi ao katika familia iliyompokea, asingojee: miguu ikibaki na shimo unapoibonyeza kwa kidole, ile si unene.

Dada aliomba kitu kingine. Wa nne alikuwa anaharisha, na yeye alijua ndugu yake ana ufunguo wa kabati ya dawa. Ndani ya kabati ile kuna dawa za minyoo, za homa, za kuharisha, nyingine zenye jina lilelile la farmasi ya mtaa. "Dawa ya nyani na ya mutu, si ni moja?" Mara nyingi ni moja kweli. Lakini kila kidonge kinaandikwa katika daftari, kwa jina la mnyama na uzito wake, na fundi hakusomea kutibu watu. Alikataa. Dada hakumsemesha siku mbili. Alichofanya ni kuchemsha maji, akapima lita 1, akatia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, akakaa na mtoto akimnywesha kidogo kidogo usiku mzima, namna alivyozoea kukaa na wale wengine.

Halafu, mwanzoni mwa Machi, mtoto wa pili wa dada, mwenye miaka sita, aliamka na homa. Siku ya tatu, vipele vilitoka usoni, kisha kwenye viganja vya mikono na nyayo za miguu. Havikuwa vya upele wa kawaida. Vilikuwa vigumu, vya mviringo, vyenye kishimo katikati.

Fundi alivitazama kwa tochi ya simu na alijua.

Ugonjwa huo, mpox, watu wa hapa wanauita ugonjwa wa nyani. Jina lilitokana na mwaka 1958, wakati waganga wa Denmark waliupata kwa mara ya kwanza katika nyani waliofungiwa maabara huko Copenhagen. Nyani wale walikuwa wagonjwa, si mzizi wa ugonjwa. Mzizi wenyewe katika pori, wataalamu wanaangalia zaidi upande wa panya na wanyama wadogo wenye kutafuna. Mtu wa kwanza aliyejulikana kuwa nao alikuwa mtoto mchanga wa inchi yetu, mwaka 1970, katika jimbo la Équateur. Na huu wa Kivu ya Kusini, uliojulikana Kamituga kuanzia Septemba 2023, unatembea kutoka mtu hadi mtu: kwa ngozi, kwa shuka, kwa kulala pamoja. Tarehe 14 Agosti 2024 shirika la afya duniani lilitangaza hatari kwa ulimwengu wote. Vita ilipofika Goma na Bukavu, wagonjwa wengi walitoka katika vituo walimotengwa, wakakimbia na wengine. Nani angewalaumu.

Sasa, mwanaume aliyelala chumba kimoja na mtoto yule alitakiwa saa moja asubuhi kuwa karibu na sokwe.

Wanyama wale wanatufanana sana, na hapo ndipo hatari ilipo. Huko Uganda, katika msitu wa Kibale, mwaka 2013, kundi la sokwe 56 la Kanyawara lilipatwa na virusi vya mafua, vile ambavyo kwa mtoto wa mtu vinaleta kamasi tu. Watano walikufa. Mpox nayo imeshaingia kwa sokwe: katika kituo cha yatima huko Kamerun mwaka 2014, na katika pori la Taï, Côte d'Ivoire, miaka 2017 na 2018. Katika kituo ambako sokwe wanalala pamoja, wanachambuana manyoya, wanakula kwa bakuli moja, mgonjwa mmoja hangebaki mmoja.

Mke wake alielewa haraka kuliko yeye. "Ukisema, tutakula nini? Nyamaza kwanza, tuone." Mtu asimhukumu mama huyu. Alikuwa na midomo 11 ya kulisha, katika mwezi ambao soko la Kavumu leo linafunguliwa na kesho linafungwa. Na fundi hakuwa na homa, hakuwa na kipele. Kipimo cha langoni kingempitisha.

Hakulala. Saa kumi na moja alioga, akavaa shati safi, akaenda. Lakini hakufika kwenye beseni. Alisimama ng'ambo ya barabara, mbali na mama wa ndizi, akapiga simu kwa mkubwa wake aliyekuwa ndani, meta kama 100 tu kutoka pale. Alieleza kwa maneno machache. Kukawa kimya. Kisha sauti ikasema: "Usiingie. Bakia pale." Na baadaye: "Umefanya vizuri." Anakumbuka ya kwamba mama mmoja alimwita aje kusaidia kubeba kikapu, naye akainua mkono wa kukataa, na mama akashangaa, kwani si desturi yake.

Siku 21. Ndiyo muda mrefu zaidi ambao mpox inaweza kukaa mwilini bila kuonekana. Lakini munganga wa kituo cha afya alimweleza hesabu vizuri: siku hazianzi leo, zinaanza tangu siku ya mwisho uliyogusana na mgonjwa. Ukiendelea kulala naye, hutamaliza kamwe. Mtoto alichukuliwa kipimo kwenye kipele kwa kijiti chenye pamba. Jibu lilikawia, likaja: ni mpox. Akina mama waliomba sindano ya kumaliza ugonjwa, wakaambiwa haipo. Kuna kutunza: dawa ya homa, maji mengi, chakula, vidonda viwe safi na vikavu, mtoto asijikune, nguo na shuka zake zisichangwe na wengine, mwenye kumwosha afunike mikono na anawe kwa sabuni. Mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya ionekane chini, bado anaambukiza.

Ni rahisi kuyasema hayo redioni. Katika nyumba ya vyumba viwili, chumba kimoja kikawa cha mgonjwa na mama yake, na watu wanane wakabanana katika chumba kingine. Fundi alihamia kwenye kibanda cha mbuzi. Mbuzi wenyewe walikwisha kuibwa mwezi wa pili, kwa hiyo nafasi ilikuwepo. Aliweka majani ya ndizi chini na turubai juu.

Siku ya nne, mwenzake wa kazi alipita barabarani bila kusimama, akaacha mfuko juu ya jiwe: sabuni vipande sita, klore, boksi moja la glavu, na karatasi ya kutia sahihi kwamba amevipokea. Alitia sahihi, akairudisha karatasi chini ya jiwe. Nusu ya glavu alizituma kwa munganga wa kituo cha afya, ambaye kwa wiki mbili alikuwa anaosha zilezile na kuzianika kwenye kamba.

Kilichomuumiza hakikuwa kibanda, wala mvua. Habari ilikwisha kuzunguka. Mtaani walisema: "Njo ile ugonjwa ya nyani alileta toka kazi." Watoto wake walifukuzwa kwenye kisima. Dada yake, mgeni wa vita asiyejua watu, aliambiwa sokoni asiguse nyanya. Alijaribu kueleza kwa jirani mmoja, muzee anayemheshimu, wakiwa wamesimama mbalimbali, ukingo wa shamba kati yao. Alieleza habari ya Kamituga, habari ya Denmark, akaeleza ya kwamba yeye yuko nje kwa sababu anaogopa kuwapelekea nyani ugonjwa, si kinyume. Muzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Bon. Nyani beko na mutu anabaogopea. Sisi, nani anatuogopea?"

Hakupata jibu. Anasema mpaka leo hajalipata.

Jioni, yule mtoto mgonjwa alikuwa anakaa mlangoni mwa chumba chake, na mjomba wake mlangoni mwa kibanda, wakazungumza kwa kupaza sauti. Mtoto alitaka habari za sokwe. Alikuwa anajua kuna mmoja mdogo, jike, aliyefika mwisho wa mwaka na kamba ya nailoni iliyokuwa imeingia ndani ya nyama ya kiuno. Mjomba wake ndiye aliyekuwa akiosha kidonda kile kila asubuhi, wakati mama mlezi anamshika na chupa mdomoni. "Mujomba, banyani beko na mama?" Alijibu hawana, na ndiyo sababu wako pale. Mtoto akafikiri. "Ule baliua mama yake, alikuwa anakimbia?" Alikuwa anakimbia, ndiyo. Mtoto hakuuliza tena siku ile.

Kuhusu sokwe yule mdogo, mwenzake alikuwa anapiga simu usiku, mtandao ukipatikana. Leo amekataa chupa. Leo amekubali kidogo. Kidonda kimetoa usaha, tumekiosha mara mbili. Fundi alikuwa anauliza rangi, harufu, joto. Alikuwa ameketi gizani katika kibanda cha mbuzi akiuliza rangi ya usaha wa sokwe, huku ng'ambo ya ua wa nyumba mtoto wa dada yake analia kwa kujikuna. Anasema hakuona ajabu wakati ule.

Siku ya 14, usiku, risasi zilisikika upande wa barabara kubwa. Si karibu sana, lakini zilikuwa nyingi. Watoto walipiga kelele. Alitoka mbio kwenye kibanda, akaingia ndani, akamwinua binti yake wa miaka minne, akalala naye chini kwenye udongo mpaka kukakucha. Hakukumbuka glavu, hakukumbuka hesabu.

Siku ya 16, binti yule alikuwa na homa. Siku ya 18, vipele.

Alipiga simu tena. Alihesabu mwenyewe kabla hawajamwambia: tangu ule usiku wa 14, siku 21 mpya. Yaani 35 kwa jumla. Mkubwa wake alimuuliza kama amechoka. Alisema la. Mke wake, aliyekuwa karibu, alisema ndiyo, kwa sauti ya kusikika kwenye simu.

Katika wiki zile za mwisho alilima. Alipanda maharage nyuma ya nyumba na viazi vitamu pembeni ya kibanda. Alichimba choo kipya, kirefu, kwa sababu kile cha zamani hakikuweza tena watu 11. Alimwonyesha dada yake namna ya kuchemsha shuka ndani ya pipa na kuzianika juani pande zote mbili. Mtoto wa miaka sita alipona kwanza, akabaki na alama kwenye paji la uso. Binti naye akapona. Moja kwenye shavu bado inaonekana. Hakuna mwingine aliyeshikwa. Yeye mwenyewe hakutoa hata kipele. Mtoto wa bwaki alitoka hospitalini miguu imenywea, akawa analia kwa nguvu, na dada akasema kelele ile inamfurahisha kuliko wimbo wa kanisa.

Katika wiki za Aprili, mama wa ndizi walimwona amesimama tena kwenye lango. Wengine walisogea. Mmoja alibaki palepale, akamuuliza watoto wanaendeleaje. Dada yake alikuwa katika mstari huo, na kikapu cha lengalenga ambazo alikuwa amepewa shamba la nusu kwa nusu kuzilima. Walisalimiana kwa kichwa tu, kama watu wa kazi.

Mashine ilionyesha 36,4. Iliandikwa kwenye daftari, mbele ya jina lake, chini ya mistari mitupu 35.

Sokwe mdogo alikuwa mgongoni mwa mama mlezi. Kidonda kilikuwa kimefunga, kimeacha mstari wa rangi ya waridi kuzunguka kiuno, usio na manyoya. Fundi alikaribia na maski na glavu, akapitisha kidole juu ya mstari ule taratibu, kuona kama kuna mahali pa moto. Mnyama alimwangalia kidogo, akavuta ncha ya glavu, kisha akarudi kwenye ndizi yake.

Nje, kipimo kilikuwa kimefika kwa dada. Kilo 7 na nusu. Alidai ni 8. Walipima tena.